Harufu ya Samaki Nyikani

Siku ya tatu ya kupiga filamu, trekta lilishusha kipande cha chuma nyuma ya zizi la farasi, na Kamshat, mwenye zizi hilo, akasikia harufu ya samaki. Nyika ile haina mto wala ziwa kwa mwendo wa siku nzima. Akaweka chini beseni la maandazi, akaenda kutazama.

Kilikuwa kipande cha roketi, cha mviringo, tupu ndani, kirefu kama lori, kimeungua upande mmoja. Vipande hivyo vimekuwa vikianguka toka angani tangu kabla hajaolewa, na watu huvifanyia kazi: paa la banda, hori la kondoo. Mumewe, ambaye hata leo humwita Mwenye Nyumba, aliokota kimoja miaka sita kabla ya siku hiyo. Alikikata akiwa ndani yake, mikono mitupu, huku akiimba. Kilinuka samaki. "Leo tutakunywa supu ya samaki wa mbinguni," alisema, wakacheka wote. Miaka mitatu baadaye wakamzika, ngozi njano kama siagi iliyochacha.

Sasa mwongoza filamu, kijana wa mji wa Almaty aitwaye Rustem, alikuwa akikizunguka kile chuma kwa furaha. Hadithi yake ilikuwa hii: mgeni wa nyota ya mbali anatua nyikani, anatoka chomboni akizungumza Kikazaki, lugha ya wenyeji, na kondoo wanamfuata. Mgeni huyo aliigizwa na Kicheko, mdogo wa mwisho wa Mwenye Nyumba, ambaye Kamshat alimlea tangu akiwa na miaka tisa. Kicheko si jina lake. Kwa desturi ya huko, mke hataji jina la mumewe wala la ndugu zake. Huwapa majina mengine anayoyabuni. Kwa miaka kumi na tisa ulimi wa Kamshat haukuwahi kuligusa jina halisi la kijana huyo.

"Mwanangu Rustem, hicho kitu kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Kirudisheni."

"Sumu gani, mama?"

"Hukisikii kinavyonuka?"

"Hata zizi lako linanuka, mama, na hatujafa." Wapiga picha wakacheka. Rustem akamvuta pembeni kwa upole. "Sikiliza. Mtazamaji humeza uongo mmoja mkubwa bila kutafuna. Mgeni wa nyota anajua Kikazaki? Sawa, anameza. Ila mpe chombo cha maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, anakutemea usoni. Ndiyo maana nataka chuma cha kweli."

"Mume wangu aliuawa na chuma cha kweli."

Akamsimulia yote: wimbo, samaki, miaka mitatu. Rustem aliinamisha kichwa.

"Pole sana, mama. Lakini hata mimi nikiiandika hiyo, nani ataiamini? Mtu anuse samaki leo, afe baada ya miaka mitatu? Watu watadai warudishiwe kiingilio."

Kamshat akamgeukia Kicheko, aliyekuwa tayari kwenye vazi la kung'aa, akitafuna andazi.

"Shemeji, kaka yako ulimwosha wewe mwenyewe. Uliona ngozi yake."

"Daktari alisema ni ini."

"Daktari alisema hajui."

"Shemeji yangu, wewe hata radi unaikimbia! Dakika mbili tu. Natambaa ndani, natoka, Almaty nzima inaniona. Au unataka nibaki bila mke, nilale na kondoo?"

Kijiji kizima, kilichokuja kutazama, kikaangua kicheko. Kicheko akaingia ndani ya chuma.

Kamera ikaanza kurekodi. Kamshat akatazama zizini. Farasi wote walikuwa wamejibana kwenye ua wa mbali, wamekipa chuma kisogo. Siku ya supu ya mbinguni nayo, farasi jike wa Mwenye Nyumba alikataa kusogea karibu na chuma, akapigwa mijeledi bure.

Kutoka ndani kulisikika kikohozi, kisha sauti ya Kicheko, nene kama anaongea ndani ya pipa: "Kuna maji humu! Yamenilowesha goti!"

"Safi sana!" Rustem akapaza sauti. "Kaa hapo hapo!"

Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano.

"Orynbai!" Kamshat akapiga ukelele. "Orynbai! Toka!"

Vicheko vikakatika. Bibi mmoja, kwa kusikia jina hilo likitajwa, akaziba mdomo kwa shungi lake. Kicheko akatoka kichwa mbele, uso mweupe, hana mzaha hata kidogo.

"Nani kafa?" akauliza.

"Bado," akasema Kamshat.

Akamvua lile vazi pale pale mbele ya watu, akammwagia ndoo baada ya ndoo, akalisugua goti kwa sabuni mpaka likawa jekundu. Rustem alikuja akifoka, akainama kwenye mdomo wa chuma, akarudi nyuma ameziba pua. Hakufoka tena.

Filamu ikamalizika kwa chombo cha maboksi. Wanasema mjini watazamaji walizomea: boksi gani hilo la kutoka kwenye nyota? Kicheko akisimulia hayo hucheka mpaka machozi yanamtoka.

Kamshat hucheka naye. Lakini kila asubuhi, kabla ya kummiminia chai, humkalisha dirishani, akamwinua kidevu, akaangalia weupe wa macho yake. Goti lina kovu linalochubuka kila majira ya baridi. Amerudi kumwita Kicheko. Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile; kaka yake alifikisha mitatu.