Siku Euthia Alipovishwa Shaba

Mpiga mbiu alipotaja jina la Euthia, Nikareti alipiga vigelegele mpaka watu wa ngazi za chini za uwanja wa maigizo wakageuka.

"Shoga, utatupasua masikio!" alicheka Mirtale, jirani yake.

"Yapasuke! Mwanangu yule!"

Na kweli alikuwa anang'aa. Baba yake alikufa vitani miaka kumi iliyopita, mji wa Athene ukamlisha yatima huyo, na leo, mbele ya umati wote ule, ukamvisha ngao, mkuki na kofia ya shaba bila mama yake kutoa hata drakma moja. Enyi wazazi, mtoto akivikwa silaha za bure, ulizeni anatumwa kwa nani. Nikareti hakuuliza. Alilia kwa furaha.

Nyuma yake aliketi mgeni, mmoja wa walioleta vikapu vya kodi ya visiwa asubuhi ile. "Hongera, mama. Baba yake alifia wapi?"

"Kisiwani Thelo. Walikataa kutulipa kodi."

"Ndiko kwetu." Akasogea karibu. "Tulipiga kura, mama. Kama nyinyi hapa, mji mzima mikono juu: hatulipi. Haukupita mwezi, tukaona meli zenu."

"Sasa si mnalipa?"

"Leo tumeleta nusu. Mkutano wenu unakaa keshokutwa kupiga kura kama mtatuletea tena meli za vita."

Nikareti aliinuka. Alishuka ngazi mbio, akiwakanyaga watu vidole, akamkuta Euthia mlangoni na wenzake, wakigonganisha ngao kama mbuzi wadogo.

"Wakiandika wa kwenda Thelo, jina lako lisiwemo!"

"Limo, mama! Tumeshajiandikisha wote. Kura itapita tu. Nani atainua mkono kuwatetea waasi?"

"Mimi."

Vijana wakaangua kicheko. "Mama Euthia anataka kupanda kilimani kwenye mkutano, akahutubie wanaume!"

"Basi nahutubia hapa. Wale nao walipiga kura, Euthia. Baba yako alikufa akienda kuivunja kura ya watu."

Euthia akainua ngao yake. Tarumbeta ikalia, wenzake wakaanza kutoka. Nikareti akaketi chini, katikati kabisa ya mlango.

"Mama, inuka. Watu wanatuangalia."

"Nikanyage, upite."

Wenzake wakamruka Nikareti mmoja mmoja, wakimwita mwenzao afuate. Euthia aliinua mguu, akaurudisha chini.