Mkebe wa Nduma

Nyasi za uwanja zilikuwa zimelowa kwa manyunyu ya Julai, nami nikazikalia hivyo hivyo, na sare yangu ya pekee, katikati ya paredi. Shule nzima ilikuwa imesimama. Mbele yetu, kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, walikaa inspekta wa shule kutoka Nyeri na babu yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Guka. Niliubana mkebe wangu wa chakula, uliokuwa wa mafuta ya Kimbo, katikati ya magoti nikaanza kupambana na kifuniko. Mikono ilikuwa inatetemeka na kifuniko hakikutaka kutoka. Mwalimu mkuu, Kahiga, ambaye alikuwa akisoma hotuba yake, alinyamaza ghafla.

“Wewe Wacera! Simama!”

Sikusimama. Nilikuwa na miaka tisa, na hadi leo sijutii hata kidogo.

Wanaonijua husema nina kichwa kigumu. Ni kweli, na nilikipata kwa mama yangu, Kabura, mwanamke mfupi aliyezungumza polepole na ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Mwaka uliotangulia, yaani 1973, nilikonda nikabaki macho tu. Nilikunywa maji bila kushiba, na kitanda nikakilowesha kila siku kama mtoto mchanga. Bibi alisema ni minyoo. Majirani walisema mengine ambayo sitayarudia hapa. Mama alinibeba mgongoni mpaka soko la Gakindu barabarani, tukapanda basi, tukafika hospitali kubwa ya Nyeri, na huko daktari akamweleza kwamba nina ugonjwa wa sukari na kwamba nitadungwa sindano kila asubuhi maisha yangu yote. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu.

“Na atakula nini?”

Daktari alimweleza, naye akaondoka na maelezo hayo kichwani kama mtu aliyebebeshwa maji asiyotaka kumwaga hata tone. Tangu siku hiyo, sukari haikutiwa tena katika uji wangu wala chai yangu. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya mtungi wa maji, kwenye kona yenye baridi kuliko zote nyumbani. Na kila asubuhi, baada ya sindano, Mama alinifungia chakula cha shule ndani ya mkebe wa Kimbo: nduma, yaani gimbi, iliyochemshwa, maharagwe, mboga ya terere, yai kuku wakikubali, na ndizi ndogo ya saa nne. Hakuwa na mizani. Alipima kwa mkono wangu mwenyewe. Nduma isizidi kiganja changu, na maharagwe yasizidi ngumi yangu. Nilipokua, chakula nacho kikakua.

Kwenye pembe ya leso yangu alifunga kijiko kimoja cha sukari. Hiyo ilikuwa ya hatari ya upande wa pili, kwa sababu sindano ikishaingia na chakula kikichelewa, sukari ya mwilini hushuka, mikono hutetemeka, jasho hutoka, kisha mtu huanguka. Mama aliniambia maneno yale yale kila asubuhi akinifunga vifungo vya sweta.

“Ukisikia mikono inatetemeka, usiombe mtu ruhusa. Kula. Na usijifiche ukikula. Ukianguka nyuma ya choo, nani atakuona?”

Sasa, Guka alikuwa mwenyekiti wa komiti ya shule, na taabu yetu ilianzia hapo. Miaka ya Dharura, wakati wa Mau Mau, alikuwa kizuizini, na mambo aliyosimulia ya kule hayakuwa ya vipigo. Yalikuwa ya chai. Alisimulia jinsi wazungu walivyokoroga sukari mbele ya mahabusu, na jinsi alivyosikia kijiko kikigonga kikombe. Tulipopata uhuru, na yeye akapata shamba lake la kahawa na bati juu ya nyumba yake, alitia sukari katika chai mpaka kijiko kikakaribia kusimama. Ndiye aliyechangisha harambee ya chai shuleni. Kila mtoto, awe wa tajiri au wa maskini, apate kikombe cha chai ya maziwa na sukari pamoja na andazi moja saa nne. Chakula cha kutoka nyumbani kikapigwa marufuku, ili mtoto wa maskini asichekwe kwa viazi vyake vya baridi. Lilikuwa wazo jema kabisa. Lingeniua.

“Tulipigania hii nchi watoto wakunywe chai ya sukari,” Guka alimwambia Mama siku moja, amesimama mlangoni petu bila kuingia. “Na wewe unapatia mjukuu wangu nduma baridi kama mtu wa kuchunga mbuzi. Ati sukari ni mbaya! Mbaya ni kuikosa.”

Mama aliinamisha kichwa, kwa sababu ndivyo mke wa mtu alivyomsikiliza baba mkwe wake. Baba yangu alifanya kazi Nanyuki na kuja mwisho wa mwezi, na mbele ya baba yake hakuwa na sauti. Kesho yake Mama alinishika mkono akanipeleka ofisini kwa Mwalimu Kahiga.

“Mama Wacera,” mwalimu alisema, “mtoto mgonjwa anakaa nyumbani.”

“Yeye si mgonjwa akikula chakula yake, Mwalimu. Atakuwa mgonjwa akikula yako.”

“Sheria ni ya komiti.”

“Basi nitakaa hapo kwa geti na mkebe, kila siku, nikunje miguu kama mtu anauza njugu. Watu wakiuliza nafanya nini, nitawaambia.”

Mwalimu Kahiga alichungulia geti dirishani. Mwishowe alisema ningeweza kuja na mkebe wangu, lakini nikianguka hata mara moja ndani ya shule ile, nitarudishwa nyumbani na nisionekane tena. Mama alishukuru kwa adabu. Nami nilielewa vizuri kabisa kwamba masomo yangu yote yamewekwa juu ya miguu yangu, na kwamba miguu hiyo haina ruhusa ya kuregea.

Haikuregea. Nilimaliza muhula mzima na nusu ya mwingine nikila nduma yangu peke yangu, wengine wakinicheka na midomo yao imejaa andazi. Nilikuwa wa pili darasani. Niliichukia nduma ile, niseme ukweli, na harufu ya mandazi saa nne ilinitia hasira mpaka machozi yakanilenga.

Siku ya inspekta, kabla hajafika, Mwalimu Kahiga alitukagua kucha na leso. Alipofika kwangu aliona fundo, akalifungua, akaonja kwa ncha ya ulimi.

“Kumbe! Mama yako anatuambia chai yetu ni mbaya, halafu anakufungia sukari?”

“Mwalimu, hiyo ni ya wakati—”

“Nyamaza.”

Aliikung'uta leso na sukari ikamwagika kwenye nyasi. Mikoba yetu iliachwa darasani, na mkebe wangu ukabaki humo. Inspekta alichelewa. Saa nne ikafika na ikapita, maana Guka aliagiza chai isitolewe mpaka mgeni ashuhudie watoto wakiinywa. Wazazi walikuwa wamekuja, wanawake wameketi kando ya uwanja na vyondo vyao, Mama akiwa miongoni mwao. Gari la inspekta lilipoingia tulikuwa tumesimama muda mrefu, kisha zikaanza hotuba.

Magoti yalitangulia. Kisha jasho likanitoka shingoni, na baridi ile ilikuwa ya kuvaa sweta mbili. Maneno ya Mwalimu Kahiga yalianza kunijia kutoka mbali. Nilijua nikibaki nimesimama nitaanguka, na nikianguka nimefukuzwa. Nikitoka kwenye mstari nitachapwa. Basi kiboko nilikuwa nakifahamu. Nilitoka.

Nilivuka uwanja wote macho ya watu yakiwa mgongoni kwangu, nikaingia darasani, nikautoa mkebe. Ningeweza kula palepale. Watu wengi wameniuliza kwa nini sikufanya hivyo, na mimi huwajibu kwamba mle darasani hamkuwa na mtu wa kuniona nikianguka. Nilirudi mahali pangu katika mstari, nikakaa kwenye nyasi.

Kifuniko kilitoka mwishowe. Nilianza na ndizi, nikaimeza karibu nzima. Viatu vya Mwalimu Kahiga vilisimama mbele yangu na kivuli cha kiboko kikanipita usoni.

“Nimesema simama!”

Nilitia nduma mdomoni nikatafuna.

“Wacera,” Guka aliita kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti niliyoisikia ikivunjika. “Unaniaibisha mbele ya wageni.”

Hapo nikainua macho kumtafuta Mama. Nilidhani atakuja mbio. Hakuja. Alinitazama, akautazama mkebe, na niliona kwamba ameelewa kila kitu. Kisha akaingiza mkono katika kiondo chake, akatoa kipande cha nduma, akakiuma.

Lazima nieleze. Kwetu wakati ule, mwanamke hakutafuna mbele ya baba mkwe wake. Tangu aolewe, Mama hakuwa amemeza hata funda la maji Guka akimwona. Sasa alikuwa akila mbele yake, mbele ya inspekta na watu wa lokesheni nzima, huku amemkazia macho. Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea kando. Alimeza, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

“Baba,” akasema, “mtoto anakula. Hotuba iendelee.”

Inspekta alitazama viatu vyake. Guka aliikamata fimbo yake kwa mikono miwili, na kwa muda nilifikiri atainuka. Kisha macho yake yakaniangukia, yakakaa kwenye mikono yangu iliyokuwa bado inatetemeka juu ya mkebe.

“Kahiga,” alisema, “malizia maneno yako.”

Kiboko kikashuka. Marufuku ile haikuondolewa kamwe, lakini hakuna aliyeugusa tena mkebe wangu mpaka nilipomaliza darasa la saba. Mama alitozwa mbuzi kwa kumvunjia mzee heshima. Alimpeleka mwenyewe, akamfunga kwenye mti wa uani kwa Guka, akarudi nyumbani bila kuomba msamaha. Mbuzi, aliniambia, wanazaa wengine.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya siku ile ya inspekta tulirudi pamoja kwa miguu kupitia sokoni Gakindu. Mama alichukua mkebe wangu akaufungua, kama alivyofanya kila siku, akakuta kipande kimoja cha nduma.

“Hujamaliza.”

“Mikono imetulia, Mama.”

“Maliza.”

Nikala nikitembea, barabarani, watu wakitutazama na kunong'ona. Guka alitupita kwa baiskeli bila salamu, mgongo umenyooka. Mama alinivuta kando ili matope yasiniguse.

“Tafuna vizuri,” akasema.