Bibi Amelala

Saa ya kulala mchana ikifika, watoto wote wa chekechea walilala kwenye vigodoro vyao isipokuwa mmoja. Huyo walimu walimbandika jina la Kengele, na jina lilimkaa. Wenzake wakishafumba macho tu, alitambaa kigodoro hadi kigodoro, akiwafinya mashavu na kuwavuta masikio. "Amka! Wewe, amka!" Chumba kizima kiliangua kilio, na walimu waliokuwa ndio kwanza wameshika vikombe wakaacha chai ipoe.

Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alikwisha kuitwa na kuomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Leo mkuu wa shule alimwambia wazi: mtoto asipolala, atafutiwe pengine. Fundi akatoka. Mkewe alifanya kazi mji wa mbali. Mama mzazi wa fundi, aliyemlea mjukuu wake tangu mchanga, walimzika majuzi tu. Na karakana ni cheche na vyuma vya moto, si pa kumweka mtoto wa miaka minne.

Mwalimu wa darasa alimkimbilia hadi getini. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuimba na watoto kutwa nzima.

"Baba Kengele, usiende kwanza. Leo sikumgombeza, nimemuuliza. 'Mwanangu, kwa nini unawaamsha wenzako?' Unajua kanijibu nini? 'Wasije wakachukuliwa.'"

"Wachukuliwe na nani?"

"Hata mimi nikashangaa. Akasema bibi alilala, watu wakamfunika, wakamchukua. Nani alimwambia bibi amelala?"

Fundi akainamia viatu vyake. Alikuwa yeye. Siku ya msiba mtoto aliuliza bibi ana nini, na yeye, pande la mtu anayenyanyua geti peke yake, neno moja likamshinda kulibeba. Ndivyo tulivyo sisi watu wazima. Kifo tunakivika nguo: amelala, amesafiri, ametutoka, na tunaelewana wenyewe kwa wenyewe. Mtoto hana habari na adabu zetu. Ukimwambia amelala, kwake amelala. Kumbe muda wote huo mtoto wa watu alikuwa akilinda wenzake, na ujira wake ni kugombezwa! Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Fundi wetu alikuwa ameficha kilio chenyewe.

"Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Mwambie ukweli, kwa neno lake lenyewe. Nitakaa hapohapo na nyinyi."

"Na nikilia je?"

"Lia. Akuone, ajue inaruhusiwa."

Wakaingia darasa lililokuwa tupu, fundi akakalia kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Kengele akaletwa. Baba alimwita mtoto huyu 'mama' siku zote, kwa kuwa amerithi jina la bibi yake.

"Mama, nilikosea. Bibi hakulala. Bibi amekufa. Mwili wake ulizeeka, ukaugua sana, ukaacha kupumua. Haumwi tena, wala hataamka."

"Hata tukimwita kwa nguvu?"

"Hata tukimwita kwa nguvu."

"Na wanaolala?"

"Wanaolala wanapumua. Wanaamka."

Mtoto akamwekea baba yake kiganja kifuani, akatulia kama anayesikiliza. Kisha akalia, kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu msiba, na fundi naye machozi yakamtoka. Mwalimu hakumwambia yeyote anyamaze. Aliwapa kitambaa kimoja wakagawana.

Kilio kilipokwisha, usingizi ukampitia mtoto mapajani kwa baba yake. Mkuu wa shule alichungulia, akaona, akaurudisha mlango taratibu.

"Nenda kazini," mwalimu akanong'ona. "Nitamwangalia."

"Siendi. Mwenye geti lake atangoja." Fundi alitaka kushukuru, akaona asante ni ndogo mno. "Mwalimu, nilimzika mama yangu nusu. Leo umenisaidia kumaliza. Mungu akuweke."

Mwalimu akafuta macho, akaenda kuwaangalia wengine.

Fundi akakaa vilevile, mguu umekufa ganzi, hathubutu hata kukohoa. Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili mtoto alipofumbua macho. Akatazama dari. Akamtazama baba yake, mdomo wazi kwa mshangao.

"Baba! Nimeamka!"

"Umeamka, mama," fundi akasema. "Asante."