Mkono Ulioonekana Marekani

Yule mzee kwenye kioo cha kompyuta alisema maelezo yametosha, sasa angependa kuona. Cherehani ikianza kuruka mishono, binti huanzia wapi? Aliuliza kwa Kiingereza cha taratibu, kwa upole, kama mtu anayemwomba mtoto wake amwimbie. Yeye mwenyewe alisoma zamani katika chuo hicho cha Marekani alichokiomba binti, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kumhoji na kuwapelekea wenzake neno.

Binti akaivuta cherehani mbele ya kamera.

Kwenye maombi yake alikuwa ameandika kwamba alijifundisha mwenyewe kutengeneza cherehani, na kwamba mafundi nguo wa mtaa mzima humletea zao. Mwalimu wake alimwonya mapema: vyuo vile hupokea watoto wenye alama za juu kutoka kila pembe ya dunia, na karibu wote huambiwa hapana. Kinachomtoa mtu ni kitu chake mwenyewe. Yeye kitu chake hakuwa nacho. Alikuwa na kaka, ambaye baba yao alipofariki aliacha shule akashika bisibisi, ili mdogo wake aendelee na masomo. Aliyezitengeneza cherehani ni kaka. Binti alimshikia tochi tu, tena akilalamika mkono unamuuma.

Sasa kaka huyo alikuwa amesimama pembeni, nje ya macho ya kamera. Alikuwa amefunga karakana tangu asubuhi ili kelele zisimsumbue mdogo wake, wateja akiwarudisha kwa utani kwamba leo ofisi inaongea na Marekani. Kiingereza hakukijua, lakini mazungumzo aliyafuata usoni mwa binti. Akitabasamu, naye anatabasamu.

Binti akafungua kibati cha chini ya sindano. Akatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya ndani, ikagoma. Akajaribu tena, ikateleza. Jasho likamtiririka mgongoni huku mzee akisubiri kwa adabu zake zote.

Ndipo mkono ukaingia. Mkono tu, kutoka pembeni, na bisibisi nyembamba zaidi. Ukalegeza skrubu kidogo, ukazungusha gurudumu polepole mpaka chuma cha ndani kinachonasa uzi kikakutana na sindano, ukakaza, ukatoka. Binti akapitisha kitambaa. Mishono ikatoka imenyooka, safi.

Mzee akacheka kwa furaha. Kisha akauliza mkono ule ni wa nani.

Angeweza kumvuta kaka kwa shati, amlete mbele, aseme ukweli wote na yaishe. Pengine wangemkataa. Pengine wangempenda zaidi, nani ajuaye. Lakini ulimi ulishamtangulia.

"Ni msaidizi wangu," alisema kwa Kiingereza.

Akatabasamu. Pale pembeni kaka naye akatabasamu, akainua dole gumba.

Walipoagana na mzee, kaka alijitupa kwenye stuli akashusha pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyehojiwa. Alisema msomi wetu leo ameua, na atakayemkataa huyo ana lake jambo. Binti alikuwa akikunja waya wa kompyuta, akiukunjua, akiukunja tena. Alijiona mwizi, tena mwizi wa humo humo ndani.

"Pale mwisho alipocheka," kaka akasema, "alikuuliza nini?"

"Aliuliza mkono ni wa nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni wa kaka yangu."

Kaka akauinua mkono mbele ya uso wake, akaugeuza huku na huku, akatazama grisi iliyojaa kwenye kucha.

"Sasa si ungeniambia mapema, mdogo wangu," alisema. "Ningenawa."

Akainuka, akachukua kipande cha sabuni, akatoka kwenda bombani. Binti alibaki na waya mkononi. Alisikia maji yakifunguliwa, kisha brashi ikisugua, ikisugua, na kaka akimjibu jirani aliyepita na kumsalimu: leo amsamehe, hawezi kumpa mkono, una sabuni, lakini ajue tu kwamba umeonekana Marekani.