Zamu ya Alhamisi

Saa nane mchana, kwenye kibanda cha gemu cha Devotha, kompyuta ilizima kwa joto, kama ilivyozima jana na juzi. Vijana wawili waliokuwa wakicheza gemu ya mpira waliweka pedi mezani wakatoka kutafuta maji ya kunywa, maana mji wa Same ukichemka hauchagui mtu wala mashine.

Devotha aligeuza kalenda ya usharika ya mwaka jana, akaendelea kuchora nyuma yake. Alikuwa na mpango wa kuipoza kompyuta kwa maji: tangi dogo la plastiki, pampu, mipira, rejeta yenye feni tatu, na vibati viwili vya shaba, kimoja cha prosesa na kingine cha kadi ya grafiki. Vifaa alivikusanya kwa miezi saba. Kilichobaki kilikuwa mpangilio.

Bibi yake, Honorata, aliyekuwa ameshuka kutoka Vudee, mlimani, kupima presha, aliichukua kalenda akaisogeza karibu na macho.

"Hii ni ndiva," alisema.

"Ni kompyuta, bibi."

"Bwawa hili hapa, lango lake, mfereji wake. Linajaa usiku, asubuhi mnafungua. Sasa huyu mwenye kiu kuliko wote mbona umemweka mkiani?" Kidole chake kilikuwa juu ya kadi ya grafiki. "Mkiani hufika tope na salamu, mwanangu. Mimi nimelima huko miaka arobaini."

Devotha alifuta, akaihamishia kadi mbele.

Wiki iliyofuata bibi alishuka na dumu la lita tano la maji ya ndiva ya Vudee. Devotha alijua fika kwamba mashine ile ilitaka maji ya betri. Lakini bibi alikuwa amelipakata dumu njia nzima, kiganja kwenye kifuniko, na kumkatalia kungekuwa roho mbaya. Aliyamimina yote. Kompyuta ikafanya kazi mpaka jioni bila kuzima.

Asubuhi yake alimkuta babu Sifael amekaa kwenye kigoda kando ya tangi, suruali imekunjwa hadi magotini, jembe katikati ya miguu. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Enzi za uhai wake yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga ndiva, na yalikokwenda maji yake naye alikwenda. Devotha alimwamkia, akaitikiwa marahaba, akamwekea chai. Babu alisema ipoe kwanza.

Tangu siku hiyo babu alifungua maji asubuhi na kuyafunga jioni, na kila kulipokucha tangi lilikuwa limejaa. Wateja walimpa shikamoo na kuliruka jembe lake. Presha ya bibi ilishashuka, lakini hakuacha kuja, amevaa kitenge kizuri. Wazee walikaa bega kwa bega wakitazama vijana wakifungana magoli. Devotha aliwapenda sana, na aliwapenda zaidi wakiwa pamoja.

Tatizo lilikuwa Alhamisi. Ikifika saa nne maji yalikauka kwenye tangi, yakarudi saa nane. Devotha alipitisha kitambaa kwenye kila kiungio cha mpira, kikatoka kikavu. Alhamisi ya tatu bibi alikuwepo.

"Mama Eliamini," babu alimwambia mkewe, "Alhamisi saa nne si zamu yetu?"

"Ni yetu."

"Mbona maji yanapita kwa mwingine?"

Bibi alikunja pindo la kitenge, akalikunjua. Kisha akasema. Zamu iliandikwa kwa jina la babu. Alipofariki, kamati ya ndiva ilisema marehemu haji msaragambo, na asiyechimba mfereji na wenzake hana maji. Saa zake akapewa mwenye shamba la parachichi. Bibi hakuwahi kukosa msaragambo hata mmoja kwa miaka sita, na jembe lake mkononi, ila katibu hakuandika.

"Hukuniambia," babu alisema.

"Ulikuwa umelala vizuri. Sikutaka kukuamsha."

Babu aliushika mkono wake, akakaa nao hivyo mpaka saa nane, maji yaliporudi.

Devotha alimpigia simu mwenyekiti wa kamati, Mzee Aminieli, naye Jumamosi akashuka. Alivua kofia, akamwamkia babu.

"Mzee, kitabu kinasema umefariki."

"Nimefariki kweli."

"Basi ndiyo hivyo. Zamu haiandikwi kwa marehemu."

"Mwandikeni mke wangu."

"Kitabuni hakuna mwanamke, mzee wangu. Tungeanzia ukurasa gani?"

Alimaliza chai yake, akaaga kwa heshima zote, akapanda gari la Vudee.

Sasa mlangoni pa Devotha pana karatasi: *Alhamisi gemu ni kuanzia saa nane.* Kila jioni, kabla ya kufunga maji, babu huchota vikombe vitatu kutoka kwenye tangi na kuvimimina kwenye dumu. Alhamisi bibi huja, hukaa na mumewe mpaka maji yarudi, kisha hupanda na dumu mlimani akiwa amelipakata, kiganja kwenye kifuniko.

Lita tano hutosha mstari mmoja wa maharage, ukinyweshea shimo kwa shimo. Shamba la bibi lina mistari arobaini.