Pora Mwenye Mayai

Nilipompasua yule jogoo, nilimkuta na mayai.

Viini vilijipanga tumboni kama shanga, kuanzia kidogo kama punje ya mtama hadi kimoja kikubwa, tayari kwa kesho. Nilikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile tangu niolewe, na wageni walikuwa njiani.

Asubuhi mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, chagua pora wawili wa kuchinja. Mitetea tuwaache, wako karibu kutaga." Kuku walikuwa saba wa umri mmoja, hakuna aliyekwisha kuwika wala kutaga. Niliona haya kuuliza. Nikatazama vichwa tu; wenye upanga mwekundu zaidi ndio niliowakamata.

Wifi yangu alikuwa akinivizia nikosee. Siku nilipounguza maharage aliniuliza mbele za watu, "Kwani kwenu mlikuwa mkipikiwa na majirani?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nguo zangu nilikuwa sijazitoa zote sandukuni. Kosa moja zaidi, nilijiambia, narudi kwa mama.

Mama mkwe akaingia jikoni, akaviona viini. Wifi alikuwa nyuma yake.

"Makubwa! Si mtetea huyu? Nani kamchagua?"

"Mimi," alisema mama mkwe. "Macho yangu, mwanangu. Uzee unabisha hodi."

"Ah, mama nawe! Si ungeniita?"

"Ningekuita ungekuja? Haya, wageni hao, weka maji motoni."

Kesho yake alimkamata kuku mmoja, akampakata, akaniita.

"Upanga unadanganya. Mtetea akikaribia kutaga, naye huiva uso. Shika hapa kiunoni, karibu na mkia. Manyoya ya pora yamechongoka. Haya je?"

"Ya duara, mama."

"Basi huyu mwache aishi."

Ya jana hakuyataja, siku ile wala baadaye, na jioni nilitoa nguo zangu sandukuni.

Lakini wifi alimwamini mama yake. Tangu hapo kila alipomwona ameshika sindano, alimwahi: "Lete nikutungie uzi, mama, utajichoma." Na mama mkwe, aliyekuwa akimwona mwewe angani kabla kuku hawajamwona, alimpa ile sindano, akashukuru, akakaa mikono mitupu akingoja.