Tangawizi Walionipanda

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepandwa na tangawizi. Walinilaza kwenye tuta langu mwenyewe, lile la nyuma ya jiko, wakanipaka majivu nyayoni ili nisioze, wakanifukia hadi kidevuni. Juu wakatandaza majani makavu ya migomba. Kazi safi, siwezi kuwasingizia.

"Uso uelekee juu," alisema tangawizi mmoja mzee, mwenye vidole saba vilivyopinda, aliyevaa sweta langu la buluu. Huku kwetu milimani, kijijini Mamba, asubuhi kuna baridi, nikaona si vibaya akilivaa. "Nyie mkitupanda kichwa chini, mnajua tunavyohangaika kugeuka?"

"Shikamoo, mzee. Tuwie radhi."

"Marahaba. Nyamaza sasa, umepandwa."

Tuta hilo nililipanda wakati mke wangu, Nakundwa, alipoanza kuonekana tumbo. Mimba mbili za kwanza ziliharibika, na tangu hapo mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu alinionya kwamba tangawizi ikishafukiwa haichunguliwi, maana kila unapofukua unaikata vimizizi. Nikaitikia, "Ndiyo, mama," na kila kulipokucha nikaenda kufukua kwa kidole, kidogo tu, nione kama kuna kilichochomoza. Za majirani zimefika magotini. Zangu bado zinafikiria. Na Nakundwa naye nimemchosha kwa kumwamsha: "Anacheza?" Yeye hunijibu, "Alikuwa amelala. Na mimi pia."

Basi nimelala kwenye tuta. Mbolea inanipa joto mgongoni, macho yanaanza kuwa mazito. Ghafla majani yanafunuliwa na tangawizi mdogo ananichungulia puani.

"Amechipua?"

"Bado."

Wananifunika. Sijavuta pumzi vizuri, wanafunua tena.

"Sasa je?"

"Bado. Labda amekufa."

"Hebu mtikise."

Wananitikisa, wananifunika, wanabishana, wananifunua. Hata hivyo, chini ya bega la kushoto natoa mzizi, mwembamba kama uzi. Nausikia ukishika udongo. Nafurahi jamani, nafurahi mpaka nataka kuita watu. Wananinyanyua ili wauone vizuri, na mzizi unakatika.

"Mbona mnanitesa hivi?" nikalia.

"Tunakupenda," alisema mzee wa sweta. "Tuna wasiwasi na wewe."



Nikakurupuka niondoke, na nilipokurupuka tuta likawa benchi la zahanati. Tangawizi wote wamekaa foleni, wamejifunga vilemba. Nesi ni jembe langu, limevaa gauni jeupe, mpini umetokeza shingoni. Nyuma yake kuna pazia la majani makavu ya migomba, na nyuma ya pazia namsikia Nakundwa akikohoa.

"Naomba nimwone mke wangu," nikasema.

"Anaendelea," likajibu jembe.

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea kuendelea. Kaa. Utaitwa."

"Nikichungulia kidogo tu?"

"Ukifunua, mnaanza upya." Lilisema bila ukali, kama mtu anayekuambia dawa zimekwisha.

Kuanza upya nakujua. Tumeanza upya mara mbili, na mara ya pili Nakundwa alikaa muda mrefu akipika chakula asichokionja. Nikakaa. Nikasimama. Nikalizunguka benchi, nikakaa tena, miguu ikagoma kutulia.

"Kijana, umekalia siafu?" akaniuliza tangawizi wa jirani.

Hapo ndipo kidole changu cha shahada kiliponyooka chenyewe kuelekea pazia.

"Unakwenda wapi wewe?" nikakiuliza.

"Kidogo tu," kidole kikasema. Kilikuwa na sauti yangu.

Nikakikamata kwa mkono wa kushoto. Kikavuta. Kikanikokota sakafuni mpaka ncha ya ukucha ikagusa jani la pazia. Jani likasogea, na kule ndani kikohozi kikakatika katikati. Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile nikiwa macho.

"Jembe! Nisaidie, kichukue kidole chenyewe!"

Jembe likaja bila haraka. "Kidole kizima cha nini? Kinachofukua ni ukucha." Likauuma ukucha, kwacha, likautema kwenye ndoo. Kidole kikalegea, kikaanza kulia kwa kwikwi. Mzee wa sweta akakipakata.

"Mvumilivu hula mbivu," akakibembeleza.

"Tangawizi haiivi kama ndizi," nikamkumbusha.

"Najua. Nazungumza na kidole, sizungumzi na wewe."

Nyuma ya pazia Nakundwa akakohoa tena. Nikakaa, mikono chini ya mapaja. Benchi likalainika, likawa udongo, giza likanifunika, na safari hii hakuna aliyenifunua. Ubavuni mwangu mtu mdogo akajigeuza.

"Nani wewe?" nikanong'ona.

"Usinitazame."

"Sitazami. Nauliza tu. Utakuja?"

"Tulia kwanza, baba."

Nikatulia. Nimelima miteremko yenye mawe matupu, sijapata kufanya kazi ngumu kama ile.

"Elisante," sauti ikaniita. "Njoo."

Nikafumbua macho. Kumekucha. Nakundwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kajishika tumbo, na uso wake siuelewi. Maswali yote yalinijaa kinywani. Nikasogea, nikayameza.

Akauchukua mkono wangu, akauweka yeye mwenyewe mahali alipotaka. Sikubonyeza. Nikaulaza tu, nikangoja, na huko ndani mtu akanipiga teke. Kisha akanipiga jingine. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

"Kumbe unaweza kunyamaza," akasema Nakundwa, na yeye machozi yanamtoka. Kisha akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa hii ndiyo mitindo gani, kukata ukucha mmoja?"

Nikaangalia. Kucha nyingine zote ndefu, nyeusi kwa udongo wa jana. Wa kidole cha shahada umekatwa hadi nyamani. Nakundwa akakinusa kidole, akanitazama.

"Tangawizi," akasema.

Nikamwambia nitamweleza nikishachemsha chai. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nisilipitie tuta. Nje baridi ilikuwa kali. Sweta langu la buluu halikuwepo kwenye msumari wake, na sikwenda kulitafuta.